Neno Nililomwongezea Karani

Mama mmoja wa Makuyu ameniandikia barua kupitia kwa mhariri. Anasema ameifuata hadithi yangu tangu wiki ya kwanza, na kwamba mtoto wa miaka kumi na moja halaumiwi kwa kukubali jina alilopewa na watu wazima. Ananisihi nijisamehe.

Namshukuru mama huyo. Lakini barua yake imekuja mapema mno. Ya leo hajayasikia.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, mimi ni Nyawira. Nilizaliwa Ruiru, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Baba alipakiwa na askari kwenye lori mwaka 1953 na hatukupata habari zake tena. Shule yetu ilifungwa na serikali mwaka huohuo. Mama, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, alikuwa na nia moja tu duniani: mimi nisome.

Ndiyo maana Julai 1954 alinipeleka Thika kwa Kamene, Mkamba aliyewahi kuchuma kahawa naye. Kamene na mumewe Mulei walikuwa wamemzika binti yao wa pekee mwaka uliotangulia, mwezi mmoja tu baada ya kuhama kutoka Matungulu, kabla majirani hawajamjua hata sura. Jina lake Nduku. Cheti chake cha ubatizo kilikuwa bado sandukuni. Wakati ule wa hali ya hatari, serikali ikiwasaka waasi, Mkikuyu hakuweza kuvuka hata mtaro bila kibali, lakini Mkamba aliachwa apite. Nikapewa cheti cha Nduku, nikaandikishwa shule kama Nduku binti Mulei.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa sikilizeni.

Jina lilikuwa jambo rahisi. Ulimi ndio ulionitesa.

Sisi Wakikuyu hatuna l. Wakamba hawana r. Mtu akifungua kinywa tu, neno moja linatosha kumtambulisha. Kamene alinifundisha miezi miwili mizima, mlango umefungwa, yeye akichambua maharagwe na mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yake. Kila mahali ulimi wako unapotaka r, aliniambia, weka l. Nilikosea, nikarudia. Nilikosea tena, akanitazama tu, nikarudia.

Mama mzazi nilimwita Maitu. Kamene nilitakiwa kumwita Mwaitu. Tofauti ni ndogo, lakini wiki za kwanza nilitafuta kila namna ya kusema naye bila kulitamka.

Kufikia Krismasi nilikuwa Mkamba barabara. Watoto wa shuleni walinicheka kwa sababu nyingine, miguu yangu mirefu, lakini si kwa maneno yangu. Mwalimu wetu, Mwalimu Ephantus, alisema mimi ni mmoja wa wale atakaowategemea katika mtihani wa darasa la nne. Nilikwenda nyumbani nikiruka. Nilimweleza Kamene, akanikumbatia akinukia moshi na sabuni, na katika furaha ile nilisahau kabisa kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyestahili kusikia habari hiyo kwanza.

Mtu huyo alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba 1955. Mwezi mmoja nyuma nilishikwa na malaria kali, Kamene akaogopa, akampa mchuuzi mmoja wa ndizi ujumbe ampelekee mama Ruiru. Mchuuzi alikawia. Ujumbe ulipomfikia mama mimi nilishapona, narudi shuleni, nacheza. Lakini mama hakujua. Alichojua ni kwamba mtoto wake yuko kitandani.

Hakuwa na kibali. Alitembea akifuata reli, na kila aliposikia treni au watu alijilaza kwenye majani. Alifika kwetu mchana, miguu imevimba, na kikapu cha viazi vitamu alivyovichemsha usiku uliopita.

Aliniona nimesimama mzima mlangoni. Aliketi juu ya gunia la makaa, akajifunika uso kwa leso.

Kule shambani wafanyakazi walihesabiwa kila jioni, na asiyekuwepo alitafutwa. Mama alitueleza kwamba rafiki yake Ngendo, waliyelala chumba kimoja, ameahidi kumwambia nyapara kwamba yeye mgonjwa, yuko kitandani, hawezi kusimama. Hakuna mwingine shamba zima aliyejua alikokwenda. Ilimbidi arudi jioni ileile.

Tulikaa pamoja saa mbili hivi. Tulizungumza kwa kunong'ona. Mara mbili nilitaka neno la Kikuyu likanijia la Kikamba, mama akacheka. Aliniambia nimsomee kitu. Nilileta kitabu changu cha shule nikamsomea habari za fisi na mbuzi, mistari kumi tu, naye alisikiliza amefumba macho kama mtu aliye kanisani.

"Basi," akasema. "Nimelipwa."

Alipoinuka kwenda, Kamene alinikataza kutoka naye. Nilibisha. Nilisema nitamsindikiza mpaka mwisho wa safu ya nyumba tu, si mbele zaidi. Kamene alimtazama mama, na mama, ambaye miezi kumi na mitano hakuwa amenishika mkono, hakuweza kukataa.

Kabla hatujaachana alikuwa amenifundisha sentensi moja. Mtu yeyote akiniuliza, niseme simjui. Aliniambia niseme bila kusita, na nisimtazame yeye usoni wakati ninaisema. Nilimwitikia.

Lori la polisi lilitokea kwenye kona ya barabara tukiwa hatua chache kutoka nyumba ya mwisho.

Mama aliuachia mkono wangu kabla halijasimama. Alisogea pembeni, akajifanya anarekebisha kamba ya kikapu. Walishuka inspekta mmoja Mzungu, askari wanne, na karani mwembamba wa miwani aliyekuwa akiwatafsiria. Karani huyo aliitwa Zacharia, nilikuja kujua baadaye.

Walimuuliza mama kibali. Nilimsikia akijibu kwa Kiswahili chake kilichovunjika kwamba anafua nguo za mtu mtaa wa Majengo, kwamba kibali chake amekiacha huko kwa tajiri, na kwamba alikuwa akimuuliza mtoto huyu mfereji uko wapi. Alisema kwa sauti ya kuchoka, kama mtu asiye na cha kuficha. Inspekta alionekana naye amechoka. Nadhani wangempeleka kituoni, wangemweka siku mbili tatu, wangemrudisha. Wengi walifanyiwa hivyo mwaka ule.

Karani akanichukua mimi kando, nyuma ya lori, mahali ambapo mama hakuweza kutuona wala kutusikia.

Aliniuliza jina. Nikasema Nduku binti Mulei. Uso wake ukachangamka, akaacha Kiswahili, akaniuliza kwa Kikamba watu wetu wanatoka wapi. Nikamwambia Matungulu. Akasema hata yeye ni wa upande huo. Akaniuliza nasoma darasa la ngapi, nikamwambia, akasema ninaongea vizuri, inaonekana nina akili.

Ndipo akauliza kama namjua mama yule.

"Simjui," nikasema.

Kwa neno hilo sijilaumu. Ni mama aliyenipa. Nililisema kama alivyonifundisha, na Zacharia aliliandika, akaanza kufunga daftari lake.

Halafu akaona kiazi mkononi mwangu.

Nilikuwa nimekisahau. Kiazi kitamu cha kikapuni mwa mama, nusu nimekila. Aliniuliza, bado kwa upole, ni vipi mtu nisiyemjua akanipa chakula. Nilisema alinipa tu. Akauliza kama alisema lolote lingine. Nikasema hakusema. Akauliza kama alisema alikotoka.

Ningeweza kutikisa kichwa. Siku zote zilizofuata nimekitikisa kichwa kile. Nimekitikisa darasani, nimekitikisa kanisani, nimekitikisa nikiwa nateka maji. Siku ile sikukitikisa.

Niliogopa, hilo ni kweli. Niliogopa kwamba nikinyamaza ataona kwamba mimi na yule mama ni damu moja. Lakini haikuwa hofu peke yake, na hili ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mtu huyu mwenye miwani alikuwa ameniambia nina akili. Alinitazama kama mtoto wa kwao. Nilitaka aendelee kunitazama hivyo. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi ni Mkamba kamili, asiye na haja ya kumficha Mkikuyu yeyote.

"Alisema anatoka Luilu," nikamwambia.

Nilisema hivyohivyo. Luilu. Kwa ulimi niliofundishwa, bila kukwama.

Kalamu ya Zacharia ilisimama. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Sikujua kwamba siku mbili kabla yake ghala la kahawa lilikuwa limechomwa moto Ruiru, na kwamba kila mtu aliyetoka huko bila kibali alikuwa akitafutwa. Sikujua. Lakini nilijua kwamba mama amesema Majengo, na nilijua kwamba neno langu linamfanya mwongo.

Zacharia alizunguka lori akamnong'oneza inspekta. Uchovu ukamtoka yule Mzungu. Askari wawili wakamshika mama mabega, kikapu kikaanguka, viazi vikatawanyika barabarani. Walimpandisha.

Alikaa kwenye ubao wa nyuma, amegeuzia uso upande wa pili, upande usio na kitu cha kutazama. Hakunitazama hata mara moja. Nilielewa kwamba alikuwa akinilinda, kwamba aliogopa macho yake yangesema asichotaka kusema. Lori liliondoka naye bado ameangalia upande ule.

Nilikimbia nyumbani nikamwambia Kamene wamemchukua. Alinifungia mlango, akanishika kifuani mwake. Aliniuliza nilisema nini. Nilimwambia nilisema simjui.

Akasema nimefanya vyema.

Sasa mama wa Makuyu, umesikia.

Habari zilizotufikia zilikuwa chache. Mwezi wa Novemba yule mchuuzi wa ndizi alituambia mama amehukumiwa, amepelekwa kambi ya wanawake. Baada ya hapo kimya.

Nilichofanya ni kusoma. Watu walidhani ni bidii. Nilikuwa nasoma kama mtu anayekimbizwa, kwa sababu nikiinua kichwa kutoka kwenye kitabu nilikuwa naliona lile lori. Mwisho wa mwaka 1956 tulifanya mtihani wa darasa la nne. Katika shule yetu walipita wasichana watatu. Mwalimu Ephantus alisoma majina mbele ya wazazi, na aliposoma la Nduku Mulei, Kamene alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka.

Mulei hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa maneno machache, alifanya kazi katika kiwanda cha magome ya miti ya miwati, na mikono yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Aliweka mkono mmoja kichwani pangu akauacha hapo.

Nakiri kwamba siku ile nilifurahi. Nilifurahi mchana kutwa kabla sijamkumbuka mama. Nilipomkumbuka nilikwenda nyuma ya choo nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kula wali.

Niliingia shule ya kati. Nikaanza kuota ndoto kwa Kikamba. Kamene alinisuka nywele kila Jumapili, akaniambia siri za wanawake nilipofika umri wa kuzijua, akanishonea gauni kwa mkono alipokosa cherehani ya kuazima. Kama kuna anayeuliza alikuwa mama wa namna gani, jibu langu ni kwamba sikuwahi kukosa kitu alichokuwa nacho yeye.

Nasema haya kabla ya kusema la pili, ili msimchukie haraka.

Agosti 1958, Jumapili, tulikuwa tukitoka kanisani. Kamene alibaki nyuma akiongea na wenzake. Mulei alitembea nami hatua nyingi, halafu akasimama, akavua kofia.

Aliniambia mama yangu ametoka kambini. Si wiki ile. Aprili.

Aliniambia alikuja nyumbani kwetu mwezi uleule, mimi nikiwa shuleni, na alimkuta Kamene peke yake. Kamene alimkaribisha, akampa uji. Mama alipouliza mtoto yuko wapi, Kamene alichukua leso yake, akamwambia amfuate, akampeleka makaburini. Huko alimwonyesha kaburi dogo lenye msalaba wa mbao, akamwambia malaria ilirudi.

Msalaba ule uliandikwa Nduku Mulei, 1953.

Mama hakujua kusoma. Angejua kusoma angeuona mwaka, na mwaka ule mimi nilikuwa bado Ruiru, namfuata nyuma tukienda kuteka maji. Alichojua ni kwamba mwanawe aliitwa Nduku huku Thika, na hapa kuna kaburi la Nduku. Mulei alisema alikaa pale chini mpaka jua lilipogeuka, kisha akamshukuru Kamene kwa kunizika vizuri, akaondoka.

Kamene alimtobolea mumewe haya baada ya miezi minne ya kutolala.

Sikungoja afike nyumbani. Nilimsubiri njiani. Nilipomuuliza hakukana. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, na nilimwona akisinyaa mbele ya macho yangu kama nguo iliyoanuliwa kambani.

"Nilimzika mmoja," akasema. "Nikaona siwezi kutoa wa pili."

Nilitaka kumtukana. Maneno nilikuwa nayo, tena kwa Kikamba safi. Lakini nilipofungua kinywa niliona karani, na daftari, na kiazi. Nikakifunga. Mtu mwenye neno kama langu moyoni atamtukana nani?

Nilimwambia tu nakwenda. Alinifungia mkate kwenye karatasi, akanipa sweta yake. Hakuniuliza kama nitarudi.

Niliondoka alfajiri ya Jumatatu nikafuata reli. Hakuna aliyenizuia. Askari mmoja wa daraja aliniuliza jina, nikamwambia Nduku, akaniacha nikapita. Mama alikuja njia ileile akilala majanini. Mimi nilitembea katikati, nikikanyaga ubao mmoja wa reli hadi mwingine, mkate mkononi.

Mulei alikuwa amenieleza kijiji alichokuwa akiishi mama, nje ya Ruiru. Nyumba za udongo zilizopangwa mistari kama mahindi, handaki lililokuwa likizizunguka sasa limeanza kufukiwa. Niliuliza kwa mtoto mmoja, akaninyooshea kidole.

Mama alikuwa nje, anasugua sufuria kwa majivu. Nywele zake zilikuwa zimepungua na kuwa nyeupe juu ya masikio, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Aliinua macho akaona msichana mrefu mwenye sweta ya mtu mzima. Aliitambua sweta kwanza. Aliniuliza kwa Kiswahili kama nimetumwa na Kamene wa Thika.

"Maitu," nikasema.

Hakusogea. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nitaje jina langu, na sauti yake ilikuwa kali, kama ya mtu anayekemea kitu kilichomjia gizani.

"Nyawira."

Miaka minne sikuwa nimelitamka. Lilitoka nusu limevunjika, r yake imelegea, lakini lilitoka. Mama aliiachia sufuria. Alinigusa mikono, shingo, masikio, akinishika kama mtu anayechagua mahindi sokoni, kila mahali, haraka haraka. Halafu akaniegemea kwa uzito wake wote, na ikawa mimi ndiye ninayembeba.

Siku ile wanawake wa kijiji walikuja mmoja mmoja kunitazama. Mama alimwambia kila aliyeingia kwamba nimefufuka, na hakutaka kueleza zaidi. Kuhusu Kamene alisema neno moja tu, kwamba atamfikiria siku nyingine, leo hana nafasi.

Tulikula. Alinisimulia ya kambini, nusunusu. Kuchimba mawe, kubeba, kuulizwa. Kuulizwa ndiko kulikomvunja. Walimuuliza kila siku ni nani aliyemtuma kuchoma ghala, ni nani aliyewalisha watu kiapo cha uasi pale shambani. Alisema hajui. Alisema hivyo miezi mitatu.

"Halafu nikajiuliza," akasema. "Waliponikamata niliwaambia Majengo. Dakika chache baadaye wanajua Ruiru. Nani aliwaambia? Mtu mmoja tu kule shambani alijua nimetoka. Nikajua ni Ngendo aliyeniuza, tangu nilipotoka."

Kipande cha kiazi kilikuwa kinywani mwangu. Sikuweza kukimeza wala kukitema.

Mama aliendelea, macho yake yako kwenye moto. Alisema usiku mmoja hasira ilimshinda, na asubuhi alipoulizwa tena ni nani aliyelisha kiapo, alimtaja Ngendo. Halikuwa kweli. Alimtaja tu, kama naye alivyotajwa. Walimfuata Ngendo wiki ileile. Alikuwa na mtoto wa miezi minane, jina lake Jentrix, na hawakumruhusu kumchukua. Mtoto aliachwa kwa dada ya Ngendo, ambaye hakuwa na maziwa. Hakumaliza mwezi.

Nilimuuliza kama Ngendo bado yuko kambini. Alisema ametoka Juni, anakaa mstari wa pili kutoka kwetu. Hawasemezani. Kijiji kizima kinajua ni kwa nini, na kijiji kizima kiko upande wa mama. Ngendo akienda mferejini wanawake humwachia nafasi, lakini si kwa heshima.

"Amelipwa alichonitendea," mama akasema. Lakini alipokuwa akisema aliificha mikono yake chini ya leso.

Nilijua wakati ule kwamba lazima niseme. Nililipanga neno kinywani. Nilijiambia nitasema akimaliza kula. Akamaliza kula. Nikajiambia nitasema akimaliza kuosha vyombo. Nilikuwa nimempata mama tangu mchana tu, na alikuwa akinitazama kila mara kuhakikisha kwamba bado nipo. Nilitaka siku moja. Nilijiambia siku moja haimuui mtu.

Jua lilikuwa bado halijatua mlango ulipotiwa kivuli.

Mwanamke alisimama pale, mwembamba, na kibuyu cha maziwa mkononi. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Ngendo. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinibeba begani kupita mistari ya kahawa.

Mama aliinuka. Alimwambia hapa si kwake.

Ngendo hakuingia. Aliweka kibuyu chini penye kizingiti, akasema amesikia mtoto yuko hai na ameleta maziwa, kwa sababu mtoto yeyote akirudi hai ni lazima aletewe maziwa. Alisema hakuja kugombana. Alikuja kwa jambo moja, na akilipata atakwenda zake, hatatusumbua tena.

Kisha akanigeukia mimi. Macho yake hayakuwa na hasira. Nilitamani sana yangekuwa nayo.

"Nyawira," akasema, "siku ile mama yako alipokamatwa ulikuwepo. Mimi nilikuwa huku, namdanganya nyapara kwamba yuko kitandani. Miaka mitatu nimeapa kwamba si mimi, na hakuna anayeniamini. Wewe ulikuwepo. Mwambie mama yako ni nani aliyesema Ruiru."

Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu, cha mtu aliye na hakika ya jibu. Alisema sawa, mtoto aulizwe. Alikuja akaketi karibu nami, akauchukua mkono wangu akauweka mapajani pake, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Sema asikie mwenyewe."